Vita vya Kongo: Kwa nini msitu wa Virunga unaisha?

Tukitangaza mapigano ya mashariki mwa Kongo huwa tunataja waliouawa, waliokimbia na mji uliotekwa. Msitu hatuutaji. Lakini wewe msikilizaji unayepika kwa kuni utalielewa jambo hili upesi kuliko wachambuzi wengi.

Hifadhi ya Virunga, jirani na mji wa Goma, ilianzishwa mwaka 1925 na ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia eneo hilo kwa siku chache tu. Kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zikaota kando ya hifadhi. Sasa piga hesabu: unga wa msaada hauliwi mbichi, na maharage ndiyo kabisa, yanataka moto wa saa nzima na zaidi. Kila familia ikaingia msituni na panga. Hadi kambi zinafungwa mwaka 1996, zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zilikuwa zimeguswa, na sehemu nyingine zilibaki peupe.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kwenda Goma kulijua hili. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, Ngara. Waulize wazee wa huko vilima vyao vilikuwaje kabla ya hapo.

Simlaumu mkimbizi. Mama mwenye watoto wanne na sufuria moja hana namna. Wa kutazamwa ni wenye bunduki. Ndani ya Virunga makundi yenye silaha yameugeuza mkaa kuwa biashara yao: wanatoza ushuru kwa wachomaji na wasafirishaji, na pesa hiyo inanunua risasi. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Yaani msitu unaumizwa na vita, halafu huohuo unavigharamia.

Sheria ipo. Itifaki ya Geneva ya mwaka 1977 inakataza njia za kivita zinazoharibu mazingira vibaya na kwa muda mrefu. Ila imewafikiria wenye mabomu, si tanuru la mkaa.

Kuna kilichoanza kusaidia. Tangu mwaka 2015 hifadhi inazalisha umeme wa maji huko Matebe, nao ulifikishwa mpaka Goma. Kisha M23 wakarudi vitani mwishoni mwa 2021, kambi zikaota upya, na Januari 2025 wakaiteka Goma. Mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi vijijini. Baadhi wamekuta nyumba zao hazipo. Nyumba mpya inataka miti, na mti ulio karibu ni wa Virunga.