Tumsome Goethe pamoja na Johanna Höhn

Kila Goethe akitajwa tunaletewa picha ileile: mzee wa hekima wa Weimar, mtetezi wa utu. Sawa. Ila mimi nasema wasifu wowote wa Goethe usiomtaja Johanna Höhn ni nusu wasifu.

Höhn alikuwa mtumishi wa ndani. Mwaka 1783 alijifungua, akamuua mtoto wake mchanga. Mtawala wa Weimar, Carl August, alikuwa anafikiria kuifuta adhabu ya kifo kwa kosa hilo, akawataka wajumbe wa baraza lake watoe maoni. Goethe, mjumbe mmojawapo, aliandika kwamba adhabu ibaki. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, Höhn alikatwa kichwa.

Na huyu ndiye mwandishi wa Faust! Mle ndani Gretchen, binti aliyetongozwa akaachwa, anamuua mwanawe na kusubiri kifo gerezani. Tamthilia ilichapishwa 1808, lakini Gretchen alikuwa tayari kwenye karatasi za Goethe kabla hajahamia Weimar mwaka 1775.

Watetezi wake wana jibu moja: eti alikuwa mtu wa zama zake. Jamani, na Carl August aliyesitasita alikuwa wa zama zipi? Goethe mwenyewe, alipomaliza sheria kule Strasbourg mwaka 1771, aliorodhesha miongoni mwa hoja zake kwamba wasomi hawakubaliani kama mama wa namna hiyo anastahili kuuawa. Alijua kabisa kuwa kuna mjadala. Akachagua upande.

Wengine watasema tumtenganishe mtu na kazi yake. Hapa haiwezekani, kwa sababu kazi na faili la ofisini vinazungumzia mwanamke wa aina moja, na vinatoa majibu mawili.

Sisemi Faust itupwe. Isomwe, tena kwa makini zaidi. Ninachokataa ni ule wimbo wetu wapenda vitabu kwamba fasihi inatufanya wema. Hakuna aliyemwelewa Gretchen kuliko Goethe, na bado alipoletewa jambo la Höhn mezani, huruma ile haikumsaidia yule mama hata kidogo. Kulia na mhusika wa kitabuni ni rahisi, hakuna anayekudai kitu. Kwa hiyo tusijipongeze kwa machozi ya kusoma. Tuulizane tumepiga kura gani.