Hili Taji ni Nani?

Tangu Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki dunia huko Balmoral, Scotland, mnamo Septemba 8, 2022, na mwanawe Charles kumrithi siku iyo hiyo, maswali kuhusu ufalme wa Uingereza hayajaacha kunijia. Huulizwa na wanafunzi wangu wa isimu, huulizwa na majirani, na hata na wazee ambao kwa umri wao ndio wangepaswa kunieleza mimi. Nadhani hunijia kwa kuwa nafundisha lugha, na mengi ya maswali yenyewe ni ya maneno: kwa nini huyu aitwe malkia na yule asiitwe mfalme, jina lao la ukoo ni lipi, na mfalme asiyetawala ni mfalme wa aina gani? Mengine nitayajibu kwa haraka. Moja lina uzito, nalo latuhusu sisi Wakenya kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mepesi. Philip, mumewe hayati Malkia Elizabeth, alimwoa mwaka wa 1947 na kufariki Aprili 9, 2021 akiwa na umri wa miaka 99, na muda wote huo hakuitwa mfalme. Camilla, mkewe Charles, alivikwa taji pamoja na mumewe mnamo Mei 6, 2023 na anaitwa malkia. Sababu ni kwamba katika desturi ya Waingereza mke hupanda kwa cheo cha mumewe, lakini mume hapandi kwa cheo cha mkewe. Kwao neno la mfalme ni la mwenye kiti peke yake, ilhali neno la malkia ni la mwenye kiti na la mke wa mwenye kiti vilevile. Kiswahili nacho, baada ya kulipokea neno malkia kutoka Kiarabu, kimelitumia kwa wote wawili, hivyo hakitusaidii. Mwenye kutaka kuepuka utata na aseme "mke wa mfalme", basi.

Jina la Windsor lina umri mdogo kuliko reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu. Mfalme George wa Tano alilitwaa Julai 17, 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, kwa sababu jina la awali la nasaba yake, Saxe-Coburg-Gotha, lilikuwa la Kijerumani waziwazi, na mwaka uo huo ndege za Wajerumani zilizoitwa Gotha zilikuwa zikidondosha mabomu juu ya London. Likatafutwa jina la kasri, likavaliwa. Wanaoamini kwamba majina ya nasaba kuu hushuka na damu tangu enzi za mababu wataona hapa kwamba jina laweza kushonwa kama kanzu ya sikukuu.

Kuhusu urithi, sheria ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika Machi 2015, iliiondoa desturi ya mtoto wa kiume kumpiku dada yake mkubwa. Ndiyo maana Charlotte, aliyezaliwa mwaka wa 2015, yu mbele ya mdogo wake Louis, aliyezaliwa 2018. Sheria iyo hiyo ilimruhusu mrithi kufunga ndoa na Mkatoliki bila kupoteza zamu yake. Mkatoliki mwenyewe, hata hivyo, hawezi kukikalia kiti hicho hadi leo. Sheria iliyomzuia ni ya mwaka wa 1701, na bado ina meno.

Na gharama je? Tangu mwaka wa 1760, enzi ya George wa Tatu, mapato ya mali iitwayo Milki ya Taji huingia katika hazina ya serikali, naye mfalme hupewa fungu. Fungu hilo lilikuwa pauni milioni 86.3 katika mwaka wa fedha wa 2024/25, likapanda hadi pauni milioni 132.1 mwaka uliofuata, nyongeza ikielezwa kuwa ni ya ukarabati wa kasri la Buckingham. Gharama za ulinzi hazimo humo. Tangu 1993 mfalme au malkia hulipa kodi ya mapato kwa hiari, lakini urithi unaotoka kwa mfalme mmoja hadi kwa mwingine hautozwi kodi. Mkulima wa majani chai na ajiulize mwenyewe "hiari" katika kodi ni kitu gani.

Sasa tufike penye uzito. Je, mfalme huyu anatawala? Jibu la vitabuni ni kwamba anamiliki bila kutawala. Mswada hauwi sheria mpaka auridhie, lakini mara ya mwisho ridhaa hiyo kunyimwa ilikuwa mwaka wa 1708, zama za Malkia Anne. Huonana na Waziri Mkuu kila juma faraghani. Hapigi kura. Hana hata pasipoti, maana pasipoti za Waingereza hutolewa kwa jina lake, na mtu hajiandikii barua ya kujitambulisha. Sisemi kwamba ni pambo tupu: mswada unaogusa maslahi yake binafsi huhitaji idhini yake kabla Bunge halijaumaliza, na huo ni mlango wa uani ambao Waingereza wengi hawakuwa na habari nao hadi magazeti yao yalipouchokonoa. Lakini kwa jumla mamlaka yako kwa mawaziri.

Kinachonivutia mimi ni jinsi mamlaka hayo yanavyosemwa. Kikao kipya cha Bunge kinapofunguliwa, mfalme huketi katika Baraza la Malodi na kusoma hotuba. Husema: serikali yangu itafanya hivi, mawaziri wangu wataleta mswada huu. Nafsi ni ya kwanza, umoja. Maneno yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, yameandikwa na mawaziri, hata yale ambayo huenda yeye mwenyewe hayapendi. Katika isimu huwa tunamtenga msemaji na mwenye maneno, na wanafunzi wangu huona ugumu mpaka niwape mfano wa mshenga. Mshenga akienda kuposa husema maneno ya aliyemtuma, na hakuna mkwe anayemkaba yeye mahari. Tofauti ni moja tu: mshenga hutangulia kusema "nimetumwa". Mfalme wa Uingereza hasemi hivyo.

Juu ya hayo Waingereza wana neno jingine linalomficha mwenye maneno zaidi, nalo ni Taji. Kwao Taji si kile kitu cha dhahabu kinachovaliwa kichwani tu. Taji hushtaki wahalifu, humiliki ardhi, hutia saini mikataba, huamuru majeshi. Ukiuliza ni nani hasa, huambiwa si mfalme kama mtu, wala si Waziri Mkuu kama mtu. Hadi sheria ya mwaka wa 1947 mtu aliyedhuriwa na watumishi wa Taji hakuweza kulidai fidia mahakamani kama anavyomdai mtu mwingine, na mfalme mwenyewe hashtakiki hadi leo. Katika Kiswahili jambo hili halisemeki vizuri. Taji ni la ngeli ya LI-YA; kufunga, kupiga na kunyonga ni vitendo vinavyotaka mtenda wa ngeli ya A-WA. Mwambie mtoto wa darasa la nne kwamba "taji lilimnyonga mtu" naye atakuuliza ni nani aliyelishika.

Swali hilo la mtoto ndilo historia yetu. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 ilifanya ardhi ya nchi hii, pamoja na ile waliyokuwa wakiikalia Waafrika, kuwa ardhi ya Taji, na mwaka wa 1921 mahakama ya koloni ikaamua kwamba wenyeji walikuwa wapangaji tu, wakikaa kwa utashi wa Taji hilo. Mfalme George wa Tano hakuwahi kukanyaga shamba la mtu yeyote kule Kiambu. Aliyelikanyaga alikuwa na jina, cheo na mshahara, lakini katika karatasi hayumo, limo Taji.

Elizabeth aliupokea umalkia akiwa nchini mwetu, Februari 6, 1952, baada ya kulala Treetops katika msitu wa Aberdare, na habari za kifo cha babake zilimfikia Sagana. Kisa hicho sote tunakijua, na watalii hukilipia. Kisichosimuliwa sana ni kwamba miezi minane baadaye, Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa, na watu wakafungwa, wakateswa na kunyongwa kwa jina lake. Kesi za jinai za wakati huo zilibeba herufi R, ambayo kwa Kilatini ilikuwa Rex mfalme alipokuwa mwanamume, ikawa Regina alipokuwa mwanamke. Rufaa ya Dedan Kimathi iliandikwa jina lake dhidi ya R hiyo; alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Hata baada ya uhuru, kwa mwaka mmoja kamili hadi Desemba 12, 1964, Elizabeth aliendelea kuwa Malkia wa Kenya, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Tangu hapo herufi iyo hiyo katika mahakama zetu husimama badala ya neno la Kiingereza la jamhuri. Herufi haikusogea hata hatua moja; aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyeondoka.

Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London mwaka wa 2009, mojawapo ya hoja za utetezi ilikuwa kwamba makosa hayo yalikuwa ya serikali ya koloni, si ya serikali ya London, na kwamba dhima yake ilihamia kwa Kenya huru mwaka wa 1963. Yaani wazee wajidai wenyewe! Julai 2011 jaji aliamua kwamba madai yao yalistahili kusikizwa. Naomba msomaji alipime hilo. Wakati wa kuchukua ardhi Taji lilikuwa moja. Wakati wa kulipa likawa mawili.

Mnamo Juni 6, 2013, William Hague, waziri wa mashauri ya kigeni wakati huo, aliliambia Bunge kwamba serikali yake inajutia kwa dhati yaliyotendeka, na kwamba watu 5,228 wangelipwa fidia, jumla yake pamoja na gharama za kesi ikiwa pauni milioni 19.9. Katika kauli iyo hiyo alisema bado wanakana dhima ya matendo ya utawala wa kikoloni. Miaka kumi baadaye, Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alisimama katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi akasema ana huzuni kubwa kabisa na majuto makubwa, na kwamba ukatili waliotendewa Wakenya ulikuwa wa kuchukiza na hauna udhuru. Hakuomba msamaha.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo Kiingereza huyachanganya katika neno moja. "Pole" humwambia mtu aliyefikwa na jambo, na asemaye si lazima awe mkosaji; hata mpita njia husema pole. "Samahani", au "niwie radhi", ni ya mkosaji mwenyewe, nayo humpa aliyekosewa haki ya kujibu, kukubali au kukataa. Charles alitupa pole, tena pole nzito, na sioni sababu ya kuidharau. Lakini pole haina deni.

Wanaoniuliza kwa nini mfalme alikataa kusema samahani huwajibu kwamba wanamkaba mshenga. Ziara kama ile hufanywa kwa ombi la serikali yake, na neno lenye uzito wa kisheria kama hilo hawezi kulitamka bila mawaziri kuridhia. Na mawaziri, wa chama hiki na wa kile, wanalihofia kwa sababu nyuma ya samahani kuna madai. Barua zetu basi zisiandikwe anwani ya Buckingham. Watalai na Wakipsigis waliofurushwa kutoka mashamba ya Kericho walipopeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mnamo Agosti 2022, waliyemshtaki ni dola ya Uingereza, yenye mawaziri wenye majina na ofisi zenye milango.