Majimbo: Neno lililoogopwa kuliko mfumo wenyewe

WANASIASA waliponadi majimbo katika kampeni za 2007, wapigakura hawakusikia neno moja. Kwa wengi Pwani, lilimaanisha kusimamia ardhi na mapato yao. Kwa mkulima wa Molo aliyefurushwa katika ghasia za 1992, lilimaanisha kufungasha virago tena.

Katiba ya 1963 ilibuni majimbo kutuliza jamii ndogo zilizohofia kumezwa na kubwa. Mikutano ya 1991 katika Bonde la Ufa ndiyo iliyolitia neno hilo doa la damu.

Katiba ya 2010 ikaja na ‘ugatuzi’ na kaunti 47. Si mfumo ule ule, ila ni wa ukoo mmoja, nayo ikapita kwa asilimia 67. Waliokwepa jina la kale walijua walifanyalo. Lakini swali la nani ana haki ya kuishi Bonde la Ufa, lililomtisha mkulima yule, ugatuzi haukulijibu.