Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo haukuwekewa wachuuzi peke yao. Unatuhusu pia sisi tuliokabidhiwa bunduki za taifa.

Mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 hapa kwetu Uganda, ina kilomita za mraba 1,978. Humo na kandokando yake wamo tembo na simba, lakini pia mna vijiji vya wavuvi, chumvi ya Katwe, malisho ya ng'ombe na barabara iendayo mpaka wa Kongo. Ni ardhi moja yenye kazi nyingi, na kila kazi ina haki yake. Hatusemi mvuvi afukuzwe ili kiboko astarehe.

Tusemalo ni hili: samaki hupimwa, chumvi hupimwa, na barabara hupimwa. Wanyama na misitu huandikiwa tu kwamba "vitahifadhiwa", bila idadi, bila tarehe, bila mwenye dhamana. Askari gani asiyejua kwamba amri isiyotaja shabaha wala muda si amri?

Hatuna budi kukiri ukweli. Katika miaka ya 1960 tembo wa mbuga hiyo walikuwa maelfu. Mwaka 1980 walibaki wapatao 150. Miongoni mwa waliowaua walikuwamo watu waliovaa sare. Faru wa nchi nzima nao walikuwa wamekwisha kufikia mwaka 1983. Tembo wamerejea kuwa maelfu kwa sababu walilindwa na kuhesabiwa. Faru waliokwisha hawakurudi, ikabidi waletwe wengine kutoka nje.

Mwezi Desemba 1922 haukuwa na ahadi hii. Desemba 2022 ndio ulioileta. Huko Montreal mataifa yalikubaliana kwamba mipango ya ardhi izingatie uhai wa viumbe, na kwamba asilimia 30 ya nchi kavu na maji ya dunia ihifadhiwe ifikapo mwaka 2030. Lakini shabaha ya dunia haitafikiwa ikiwa wilaya haina yake: tembo wangapi, njia zao upana gani, kinamasi ekari ngapi, na nani ataulizwa.

Basi makamanda na wakuu wa polisi waketio katika kamati za usalama za wilaya waulize maswali hayo kila mpango wa ardhi uletwapo. Na tuanzie nyumbani: kila kambi ihesabu miti yake, kabla ya kumkamata raia aliyekata mmoja.