Usijenge kwa Kufuata Geti la Mgodi

"Mama, ardhi haiozi. Na geti la mgodi si lile pale unaliona? Kaa nacho miaka mitano tu, utakiuza mara tatu."

Dalali aliniambia hayo mwezi uliopita, mjini Geita. Tulikuwa tumesimama kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini, mabua ya mahindi bado yamo. Mwanangu ana mke na watoto wawili na amechoka kupanga. Nilimwona macho yameshamng'aa, mkono uko mfukoni unatafuta kishika uchumba. Nikamwambia twende, na njiani nikamweleza haya ninayoyaandika.

Kuanzia Kahama hadi Katoro watu wameshika imani moja: nyumba ikisogea mgodini, familia imesogea kwenye utajiri. Nimeona akiba za walimu na manesi zikizikwa kwa imani hiyo, na sioni sababu ya kuendelea kuinyamazia.

Mgodi una umri. Golden Pride pale Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, ulimaliza kazi baada ya miaka kama 15. Tulawaka ya Biharamulo ilianza mwaka 2005, na mwaka 2013 wenye mgodi walikubali kuuachia mikono mingine. Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, ilianza uzalishaji 2009 ikakoma 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka geti lile lilipofunguliwa, lilipofungwa alikuwa hajamaliza darasa la saba. Sasa wewe unajenga nyumba ya kulelea watoto na kuzeekea, halafu unaiegemeza kwenye kitu kinachoweza kufungwa kabla mtoto hajafika sekondari?

Najua nitaulizwa: mbona Kahama haijafa? Haijafa, na mwaka uleule wa 2021 ilipandishwa hadhi kuwa manispaa. Lakini Kahama inabebwa na mchele, na soko lake, na malori yanayotoka Isaka kuelekea Rusumo na nchi za jirani. Katoro nayo imekuzwa na maduka na minada. Aliyejenga kwa kufuata soko, shule na bomba la maji hakulazimika kusubiri tangazo la mgodi ili ajue kama wapangaji wake watabaki. Waliofaidi bei za getini ni walionunua mapema wakauza mapema. Hiyo ni biashara, na wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kumshauri baba wa familia alale na wanawe juu ya biashara ya mwenzake.

Kuna pia suala la vigingi vya mipaka ya leseni. Eneo la leseni ya mgodi wa Geita lina karibu kilomita za mraba 196, na limekumbatia hadi sehemu za mji. Wakazi wa mitaa ya Katoma na Compound wamepiga kelele miaka mingi juu ya nyufa wanazosema zinatokana na ulipuaji, na juu ya fidia. Madini yote ya nchi hii ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya uvungu wa kitanda chako. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haikuambii kama kigingi kiko mbele ya choo chako au nyuma yake. Na si dhahabu tu. Novemba 7, 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui zilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani. Kwenye machimbo madogo geti lenyewe halipo: karasha inasaga usiku kucha, marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yenye zebaki yamerundikwa hatua chache kutoka watoto wanapochezea.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba harufu ya dhahabu inamfanya mtu asahau kuangalia chini ya miguu yake. Shemeji yangu alinunua kiwanja pembezoni mwa Shinyanga kwa haraka kubwa, kisa watafiti wa madini walionekana wakipitapita huko na vipimo vyao. Udongo ni mbuga, mweusi tii. Wazee wa Kisukuma walikuwa na jina kwa kila udongo, luseni wakaujua kuwa wa kichanga, mbuga wakaiachia mpunga. Yeye akapandisha vyumba vinne juu ya msingi wa kawaida. Nilimtembelea Agosti. Ufa umeanzia kona ya dirisha la chumba cha watoto ukashuka hadi sakafuni. Nilichukua sarafu ya shilingi mia tano, nikaisukuma, ikazama yote. Ameujaza sementi mara tatu. Masika udongo unavimba, mlango wa mbele hausogei mpaka fundi aje na randa. Kiangazi unasinyaa, mlango uleule unaacha mwanya unaopitisha mjusi. Watafiti hawajarudi. Maji ya Ziwa Victoria yanayotoka Ihelele yameingia Shinyanga tangu 2009, ila bomba halijafika kwake. Binti yake wa darasa la nne anabeba ndoo kabla ya shule.

Nilimwambia mwanangu aende kwanza ofisi ya ardhi aombe kuona ramani ya mipango miji, aulize mipaka ya leseni, kisha achimbe shimo la mita moja mwenyewe na arudi tena siku mvua imenyesha. Aulize bomba la karibu liko wapi, na mtoto wa miaka saba atavuka barabara ya malori mara ngapi kwa siku.

Juzi dalali kanipigia. Anasema kuna mteja mwingine, analipa taslimu, niamue kabla ya Ijumaa. Nimemuuliza kigingi cha leseni kiko upande gani wa kile kiwanja. Kasema atauliza, atanipigia. Leo ni Jumamosi.