Barua kutoka Nottingham: Umeme wa Rufiji na Jiko la Mkaa

Kwa wazee, ndugu na jamaa walioko Dar es Salaam, Pwani na Morogoro,

Tarehe 30 Septemba 2024 kilizimwa kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar, kusini magharibi mwa jiji la Nottingham, chenye uwezo wa takriban megawati 2,000, na kwa kuzimwa kwake Uingereza ikaacha kabisa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, kazi iliyoianza London mwaka 1882. Mwezi Februari wa mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye Mto Rufiji nchini Tanzania, ulianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa, na mitambo yote tisa ya bwawa hilo, kila mmoja ukiwa wa megawati 235, inafikisha megawati 2,115.

Hata hivyo, Waingereza hawajamaliza kazi ya kusafisha nishati yao, kwa sababu nyumba zao nyingi bado hupashwa joto kwa gesi asilia, ambayo ikiungua hutoa hewa ukaa, ile hewa inayozuia joto la jua lisirudi angani na hivyo kuipandisha dunia joto. Tanzania nayo ina hali kama hiyo: ingawa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay bado inaendesha sehemu ya mitambo yake, umeme wake unazidi kuwa safi, ilhali moshi umebaki jikoni, mahali ambapo mijadala ya tabianchi haikai sana, pengine kwa kuwa washiriki wake wengi si wapishi.

Mkaa unaouzwa kwa kopo uswahilini hutokana na tanuri la udongo, ambamo magogo hufukiwa na kuunguzwa polepole kwa hewa haba, na kwa njia hiyo kilo moja ya mkaa huweza kumeza kilo tano hadi kumi za kuni, kiasi kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea porini kabla gunia halijafungwa. Miombo ya Morogoro ni mojawapo ya misitu inayolisha biashara hiyo, na ni mkoani humohumo unamopita Mto Kilombero, tawi linaloipatia Rufiji maji mengi kuliko matawi mengine. Anayefyeka msitu huo kwa ajili ya mkaa anayagusa maji yanayojaza bwawa, na hivyo anaugusa pia umeme.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe na nishati hiyo ifikapo 2034. Mtungi wa gesi umepewa nafasi kubwa, na ni kweli kwamba unalishinda jiko la mkaa kwa mbali, lakini gesi yake huagizwa kutoka nje, wakati maji ya Rufiji yako nyumbani. Presha kuka ya umeme hubana mvuke ndani ya sufuria iliyofungwa, maji yakapata moto kupita nyuzi 100 na maharage yakaiva upesi kwa umeme usiofika uniti moja. Na kwa kuwa sufuria hiyo imezungushiwa kizuia joto, umeme ukikatika katikati ya mapishi chakula huendelea kuiva kwa muda. Plagi ya Uingereza ya meno matatu huingia pia katika soketi za Tanzania, na volti ni zilezile, hivyo aliye ughaibuni anayesafirisha kontena la mafriji yaliyotumika, yanayokula uniti usiku na mchana, angeweza kuweka presha kuka hizo badala yake.

Kikwazo kikubwa zaidi cha kupikia umeme ni LUKU ya pamoja, yaani mita moja ya umeme kwa nyumba nzima. Bei nafuu ya TANESCO, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ni ya mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, kiwango ambacho kaya moja inaweza kukaa ndani yake hata ikipikia umeme, lakini nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja hukivuka mapema na kuangukia bei iliyo karibu mara tatu, ndipo mwenye nyumba anapopiga marufuku kupikia umeme. Baadhi ya nyumba za aina hiyo zimejengwa kwa fedha zilizotumwa kutoka Nottingham, Leicester na Birmingham, na wanaozisimamia ni wasomaji wa barua hii. Kwa hiyo wanaombwa kwamba kabla ya kupandisha kodi ya pango au kuongeza vyumba, wamwombee kila mpangaji mita yake, na gharama za maombi hayo zikatwe katika fedha za ujenzi zinazotumwa.