Prosesa kwanza, kadi ya picha baadaye

Mwandishi aliyewashauri wenye vibanda vya gemu wa Busia na Tororo waanze na kadi kubwa ya picha anawatia hasara. Ushauri huo unafaa gemu mpya za kompyuta, si programu za kuiga PlayStation 2 kama PCSX2. Hapa prosesa ndiyo inayotafsiri kila amri ya mashine ile ya mwaka 2000, na mzigo mkubwa huangukia viini vichache tu. Ndiyo maana viini vinne vyenye kasi hushinda vinane vya polepole.

Kipimo cha kujua kosa liko wapi kipo. Sauti ikikatikakatika, wachezaji wakijikokota uwanjani na kasi kwenye skrini ikishuka chini ya asilimia 100, punguza ubora wa picha. Kasi isipopanda, kadi haina kosa.

Kwa hiyo anayenunua kompyuta ya mtumba, upande wowote wa mpaka wa Kenya na Uganda, aulize kwanza kizazi cha prosesa. Core i5 ya mezani ya kizazi cha nne, iliyotoka 2013, ina AVX2, seti ya amri za prosesa ambayo PCSX2 inaipendekeza. Akishaipata, kadi ya wastani inamtosha. Mtaji wa kijana ni mdogo, tusimshauri autupe.